Mnada wa Antoni Radi

Mbokomu, Moshi
13 Machi 1995

Mpendwa mdogo wangu Elifuraha,

Kabla ya salamu ninalo tangazo, na ningependa ulisome ukiwa umesimama. Tangu jana mchana mimi, Eunike, mjane, msharika wa kudumu asiyedaiwa ahadi ya mwaka wowote, ni mwenye bata. Bata ni mmoja, jike, mweupe, na hivi ninavyoandika amefungwa kwenye mguu wa meza na ananitazama. Sikutoka nyumbani nikiwa na nia ya bata. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kufuga bata, kula bata, au kumsema bata kwa wema.

Sasa salamu. Hamjambo huko Tanga? Beatrice hajambo? Sisi ni wazima, ila goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua, na linakosea kama redio. Kahawa haina bei. Jirani zetu wa chini wameing'oa wakapanda nyanya, na sasa wanazitazama nyanya zikioza kwa macho yale yale waliyoitazamia kahawa. Mwanangu Jesse amepata mtoto wa kike. Wamemwita Kindness. Analia mchana na usiku.

Nirudi kwa bata. Unakumbuka kwetu ibada haiishi kwa baraka, inaishia mnadani. Asiye na shilingi analeta mayai, kuku, mkungu wa ndizi, na vitu hivyo vinauzwa pale nje ya kanisa, fedha inaingia kwenye sadaka. Miaka yote mnadi alikuwa Mzee Yakobo. Mzee Yakobo aliuza kuku kama hakimu anayesoma hukumu, na kuku mwenyewe alionekana kukubali kosa. Mwaka huu koo limemshinda. Akasimama mzee mwingine, mgeni, mwembamba, nywele zimepakwa mafuta zikachanwa kwenda nyuma. Akachukua jogoo, akamwinua juu, akafungua mdomo. Nikamshika mkono Gladys, jirani yangu.

Elifuraha, ni Antoni Radi.

Yule yule wa Majengo, aliyeimba rokenroli hapa Moshi tukiwa vijana, ambaye santuri zake tatu unazo wewe na hujawahi kumwazima binadamu. Alizaliwa Mkatoliki, Kibosho. Uzeeni ameoa mjane wa huku kwetu, akahamia kwake pamoja na dhehebu. Anasema kuimba ameacha, na ni kweli haimbi. Anauza. Lakini anauza kwa sauti ile, na alipofika kwenye bata alivua koti bega moja, na kuanzia hapo mimi sikumbuki vizuri kilichoendelea.

Njoo umsikie. Mara ile ulikosa.

Dada yako,
Eunike


Tanga
24 Aprili 1995

Mpendwa dada Eunike,

Shikamoo. Hongera kwa bata. Barua yako niliisoma nimesimama kama ulivyoagiza, hasa kwa sababu kiti kiko kwa fundi. Beatrice anakusalimu. Ameanza kuuza mitumba Ngamiani, na sasa hapa nyumbani kila mtu ana koti zito, katika mji ambao baridi tunaisikia kwa kusimuliwa. Kazini reli wanapunguza watu. Majina yanasomwa asubuhi kwa kufuata herufi. Wamefika D.

Kuhusu Antoni Radi, nashukuru kusikia yu hai. Ila nataka tuelewane. Mimi Antoni Radi ninaye. Kila jioni nikitoka kazini natia ufunguo gramafoni yangu, nazungusha, naweka "Gari la Kahe", na hapo sihitaji mtu wala bata. Sijui kama umewahi kuisikiliza vizuri. Anaanza kabla ya gitaa. Gitaa linamkuta njiani. Akifika kwenye neno "stesheni" analikata katikati, kimya kinapita, halafu anarudi kulichukua kama mtu aliyesahau mwavuli. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo, Nairobi wala ng'ambo. Upande wa pili, ile "Sikai", anacheka mara moja, kidogo, nadhani hakukusudia, na hawakukifuta kicheko kile kwa kuwa siku hizo kilichoingia kwenye santuri kimeingia. Dada, hicho ndicho kitu cha kudumu. Santuri haizeeki, haipati mafua, haihamii kwa mjane.

Unasema mara ile nilikosa. Ni kweli. Siku aliyoimba pale ukumbi wa Welfare mjini, wewe ulikwenda na wenzako, na mimi baba alinibakiza na ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa. Sina kinyongo. Ndama alikuwa dume.

Kwa hiyo nakuachia Antoni Radi wa kuku, mimi nibaki na wa santuri. Mtu anayenadi bata si mwimbaji.

Ila nijulishe, kwa kupita tu: ile sauti ya juu bado anaifikia, au umri umemshusha?

Mdogo wako,
Elifuraha


Mbokomu
3 Julai 1995

Mpendwa Elifuraha,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua, goti, na ubatizo wa Kindness, ambaye alilia hata maji yalipokuwa hayajachotwa. Bata ametaga. Mayai yake hakuna anayekubali kuyala, kwa hiyo nayapeleka mnadani, ambako watu wanayanunua wenyewe, kwa hiari yao, wakishangilia.

Sauti ya juu anaifikia. Inamgharimu, unaona shingo ikilipa, lakini anafika. Jana alianza na mayai hayo. Mayai anayauza polepole, karibu kwa kunong'ona, mpaka wa nyuma wanasogea mbele. Halafu maharage, hapo anaanza kupiga kisigino. Kuku wa kwanza anamuuza kawaida, ili mpime. Kuku wa pili ndipo anasema "mara ya kwanza", anaiacha ikae. "Mara ya pi…" anaivunja, anakutazama, nawe unajikuta unamwonea huruma kuku kwamba hajui atakwenda na nani. Sijawahi kusikia "li" ikisubiriwa na watu wengi namna ile.

Sasa nikwambie kitu kuhusu "stesheni" yako. Mimi nilikuwepo Welfare. Anapolikata lile neno ndipo goti linapokwenda chini. Goti la kulia, mpaka karibu na sakafu. Goti likishuka sauti inakatika, likirudi sauti inarudi. Zaidi ya miaka thelathini umekuwa ukisikiliza goti, mdogo wangu, ukidhani ni koo.

Bado linashuka. Siyo mpaka chini, lakini linashuka, na wanawake wa Umoja wa kanisa wanasema "Bwana asifiwe" kwa sauti isiyo ya Umoja.

Na hapo ndipo habari mbaya ilipo. Mzee Yakobo amepeleka malalamiko kwenye baraza la wazee wa kanisa kwamba mnadi anauza kwa kutumia kiuno. Wakamwita Antoni, wakamwuliza kwa upole. Gladys ana shemeji kwenye baraza, ndiye aliyetuletea jibu lake.

"Kiuno ni changu, Mzee Yakobo," alisema. "Bei ni ya Bwana."

Mchungaji hakucheka, ila inasemekana alitoka nje kidogo. Hata hivyo wameamua. Kuanzia Majilio sadaka itakuwa kwa bahasha, kama mjini, na mazao yatapokelewa ofisini yauzwe kimya kimya. Mnada wa mwisho ni Jumapili ya tarehe 26 Novemba. Baada ya hapo Antoni Radi hana tena mahali pa kusimama. Hawezi kwenda kwenye mabaa, ameahidi mke. Nyumbani ana mbuzi wawili na hawajali.

Una miezi. Njoo.

Eunike


Tanga
29 Agosti 1995

Mpendwa dada,

Shikamoo. Barua yako ya goti nimeipata. Niliiweka kabatini kwa muda.

Habari za hapa: Kazini wamefika E. Wametupa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa inakwenda. Beatrice ananihimiza nimsaidie mitumba, na nimegundua kwamba suruali za wazungu zina mifuko mingi lakini haina kitu.

Kuhusu kuja, nimelitafakari. Mwezi wa tisa haifai, kuna paa la kuangalia. Wa kumi kuna uchaguzi, barabara hazitabiriki. Wa kumi na moja kuna hii saa ya ukutani, haijapata mahali. Na mabasi ya siku hizi, dada, kila mwenye fedha amenunua lake, na yanashindana.

Nimeisikiliza tena "Gari la Kahe" nikijaribu kulisikia goti. Siwezi kusema nimelisikia. Siwezi pia kusema sijalisikia. Kabla ya barua yako pale palikuwa na kimya kizuri sana. Sasa pana goti.

Ninalo ombi. Huko mna redio kaseti? Nirekodieni mnada mmoja mnitumie. Nikiusikia nitajua, na nitakuwa nimeokoa nauli.

Mdogo wako,
Elifuraha


Mbokomu
25 Septemba 1995

Mpendwa Elifuraha,

Kaseti hiyo hapo, imefungwa ndani ya kitambaa cha kanga. Upande wa kwanza ilikuwa kwaya ya vijana, tumerekodi juu yao, hawajaambiwa. Gladys ndiye aliyeishika redio, na kwa kuwa hataki kuonekana akirekodi karibu na kanisa aliificha ndani ya kikapu cha maboga. Utasikia maboga.

Huku wote wazima. Bata amepata mwenzake, usiniulize.

Nataka nikwambie jambo, na unisamehe kwa kuwa mimi ni mkubwa. Kazi huna. Paa lako ni la bati, halina cha kuangaliwa. Uchaguzi hauzuii basi. Wewe unaogopa. Unaogopa uje, umwone mzee mwenye koti la mtumba akiuza mayai ya bata, urudi Tanga uweke santuri na usisikie tena kijana. Au unaogopa kwamba nitakuwa pembeni yako nikikutazama usoni, nione kama nimeshinda. La pili ni kweli, ningekutazama.

Lakini tarehe 26 ikipita hakuna wa kumsikia, uwe unaogopa au huogopi.

Dada yako,
Eunike


Tanga
30 Oktoba 1995

Mpendwa dada,

Shikamoo. Kaseti imefika salama. Nimeisikiliza kwa umakini unaostahili.

Maoni yangu ni haya. Upepo ni mwingi. Maboga yako mbele mno. Kuna kuku anayeongea kutoka mwanzo mpaka mwisho, naye anajua zamu. Kwa mbali kuna mtu, nakiri kuna mtu, anasema "mara ya pi…", na hapo nilisogeza sikio, dada, lakini badala ya "li" akaingia mwanamke anayepiga kelele ya kuongeza bei kana kwamba nyumba inaungua. Sauti hiyo naifahamu tangu utotoni. Ilikuwa ikiniita nikarudishe mbuzi.

Nilirudisha mkanda nyuma nisikie tena. Mashine ya jirani ikautafuna. Tulijaribu kuuvuta kwa kalamu ya risasi, sasa upande wa kwanza unasikika kama baba akikoroma.

Kuhusu mengine uliyoandika, nimeyasoma.

Siji. Msinisubiri. Nawatakia mnada mwema.

Elifuraha


Mbokomu
27 Novemba 1995

Mpendwa Elifuraha,

Umekosa tena, na safari hii hapakuwa na ng'ombe.

Nianze na afya: goti limevimba. Jana sikuweza kusimama, nikakaa kwenye ngazi za kanisa nyuma ya watu, na Gladys akasimama mbele kwenye mnada awe mkono wangu. Tulikubaliana: mimi nikikohoa, yeye anainua mkono. Kwa hiyo Antoni Radi sikumwona, isipokuwa kichwa na vitu alivyoinua juu. Nilimsikia tu, kama wewe na santuri zako. Nakiri inatosha kuliko nilivyodhani.

Watu walijaa. Hata Wakatoliki walikuja, wakasimama upande wa barabara wakijifanya wanasubiri usafiri. Aliuza kila kitu. Mzee Yakobo mwenyewe alinunua boga, na hakuna aliyemlazimisha. Mwisho ukabaki mkungu mmoja wa ndizi. Akauinua juu, akaushikilia. Nadhani naye alikuwa amehesabu kwamba nyuma ya mkungu ule hakuna kitu tena. Halafu akaanza, Elifuraha, na hakuuza tena, aliimba. Maneno yalikuwa ya ndizi na bei, lakini aliimba.

Nikaona njia moja tu. Maadamu kuna anayeongeza, hawezi kufunga mnada. Na maadamu hajafunga, anaimba. Nikakohoa. Nilikohoa mpaka watu wa mbele wakanipa maji.

Ningefika mbali, ila palikuwa na mwanamume mmoja mkaidi. Alikuwa upande wa juu, nyuma ya lori la mchanga wa kujengea ofisi, kofia ndiyo pekee iliyoonekana. Gladys anasema si mtu wa huku. Kila nikikohoa, naye mkono juu. Antoni akawa anaimba kwake, anarudi kwangu, "mama wa kikohozi", "baba wa lori", watu wanapiga makofi. Goti lilishuka, nimeambiwa, mpaka chini kabisa, na ikabidi wawili wamwinue, naye hakuacha kuimba wakati anainuliwa. Mwishoni nilikuwa nimemaliza fedha ya bati la zizi, nikashindwa kukohoa tena. Yule mtu akachukua.

Akafunga mnada. Akavaa koti. Akaenda zake na mkewe, wakapitia njia ya mtoni.

Simjui mtu yule wa kofia, lakini sijamsamehe. Kama angekuwa na fedha kidogo zaidi, au mimi, pengine hata sasa tungekuwa bado pale.

Eunike


Tanga
27 Novemba 1995

Mpendwa dada Eunike,

Shikamoo. Naomba uketi.

Jana nilikuja. Nilipanda basi Jumamosi, nikalala Majengo kwenye chumba cha kukodi, asubuhi nikapandisha kwa miguu kutoka Kiboriloni. Sikupita nyumbani. Ulichoandika mwezi wa tisa kilikuwa kweli, vyote viwili, na uso wangu sikutaka mtu auone kabla sijaujua mimi mwenyewe. Nilinunua kofia. Nilisimama nyuma ya lori, na wewe sikukuona kwenye umati, nikajua umekaa nyumbani kwa ajili ya goti.

Nimeliona goti, dada. La kwake. Sitaandika mengi. Ni mzee, koti ni la mtumba, tena naweza kusema ni la robota gani. Na ni yule yule. Nimefika hapa usiku wa manane, nikaweka "Gari la Kahe" kabla hata ya kuvua viatu, ili nione kama imeharibika. Haijaharibika. Ikifika "stesheni" anashuka, namwona, anarudi. Sasa najua anarudi kutoka wapi. Umeshinda. Unaweza kumwambia Gladys.

Kwenye mkungu wa mwisho nilifanya jambo la ajabu. Niligundua kwamba nikiinua mkono anaendelea. Nikawa nainua. Tatizo palikuwa na mwanamke mmoja mbele, mnene, wa kilemba cha kijani, aliyekuwa na roho ngumu sijapata kuona. Kila nikidhani nimembakiza Antoni kwangu, yeye anamvuta. Kwa dakika kadhaa nilimchukia mwanamke yule. Baadaye nikaanza kuogopa asije akachoka. Alipochoka nikapata huzuni, kwa kuwa nilikuwa tayari kumpa Antoni kiinua mgongo chote cha reli, na kwa kweli sehemu kubwa nimeshampa.

Antoni aliniletea mkungu mwenyewe hadi kwenye lori. Nikataka kumwambia kuhusu santuri, kuhusu kicheko cha kwenye "Sikai", miaka yote hiyo. Akasema, "Pole na mzigo, mzee." Nikasema, "Asante." Basi.

Mkungu niliulipia kiti kwenye basi. Beatrice aliutazama, akanitazama, akaenda kupika mtori wa ndizi. Umetoka mchungu kidogo. Nimemwambia hiyo ndiyo ladha ya ndizi za mlimani, mtu akikaa pwani muda mrefu anasahau. Tumekula bakuli mbili mbili. Uliobaki nimeuning'iniza chini ya saa ya ukutani.

Mdogo wako,
Elifuraha


Mbokomu
11 Desemba 1995

Mpendwa Elifuraha,

Hamjambo. Sisi hatujambo. Barua zetu zimepishana njiani, kwa hiyo yangu utakuwa umeshaisoma na kujua kilemba cha kijani ni cha nani na kikohozi ni cha nani. Sina la kuongeza hapo.

Krismasi njoo upitie mlangoni, bila kofia.

Mkungu ule niliutoa mimi. Niliukata Jumamosi pale nyuma ya zizi. Ni kitarasa. Haipikwi mtori, ni ya kutengenezea pombe.

Eunike